Wasia wa Sheikh Ahmad: kutoka Lindi ya 1908 hadi simu za Choma

 

Tumepokea swali kutoka Choma, wilaya ya Igunga, mkoa wa Tabora. Muulizaji anasema mama yake mzazi alitumiwa kwenye simu ujumbe mrefu wa mtu anayejiita Sheikh Ahmad, mtumishi wa kaburi la Mtume (S.A.W.) mjini Madina. Sheikh huyo anasimulia kwa ulimi wake mwenyewe kwamba usiku wa Ijumaa alikuwa akisoma Qur'ani, akapitiwa na usingizi, akamuona Mtume (S.A.W.) amehuzunika kwa maasi ya umma wake. Kisha unakuja wasia: watu watubu, na kila anayeusoma aunakili na kuupeleka kwa wengine. Atakayefanya hivyo atatajirika na kulipiwa madeni yake. Atakayepuuza atapata msiba.

Mama hasomi vizuri, kwa hiyo alisomewa na mjukuu. Akauza kuku wawili, akamtuma mtoto steshenari kutoa nakala 30. Nakala 19 zikagawiwa msikitini na gulioni, 11 zikabaki ndani. Wiki hiyo hiyo mjukuu mdogo akashikwa na homa, na mama anaamini kwamba homa ile imeletwa na nakala 11 zilizobaki. Muulizaji ana maswali mawili. Je, ujumbe huu ni wa kweli? Na kama si wa kweli, amwambie mama yake, ilhali tangu ausikie amekuwa akiamka usiku kusali, jambo ambalo hakuwa akilifanya?

Kabla ya yote: mtoto apelekwe zahanati leo, asingoje makala hii imalizike. Homa ya mtoto mdogo katika sehemu zetu hizi hupimwa malaria kwanza. Karatasi haileti homa. Katika Surat At-Tawba, aya ya 51, tumefundishwa kuamini kwamba halitupati ila lile alilotuandikia Mwenyezi Mungu, na hakuandika mambo yetu kwa kuhesabu nakala za steshenari.

Sasa tuje kwenye wasia wenyewe. Wengi wanaoupokea kwenye simu hudhani ni habari ya wiki hii, kwa sababu umeandikwa kana kwamba ndoto imeotwa juzi. Ukweli ni kwamba wasia huu una umri mkubwa kuliko simu za mkononi, kuliko redio, na kuliko reli ya kati iliyofika Tabora mwaka 1912.

Mwezi wa Julai 1908 barua ilionekana Lindi, katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki. Ilisemekana imetoka Makka, na ndiyo maana Wajerumani waliiita barua ya Makka. Ndani yake alikuwemo Sheikh Ahmad huyu huyu, ndoto hii hii, tisho la Kiyama kilicho karibu na amri ya kuinakili. Ikasomwa misikitini, watu wakaingiwa na hofu, misikiti ikajaa. Vita vya Majimaji vilikuwa vimemalizika mwaka mmoja tu nyuma, baada ya kuchinja kusini yote tangu 1905, na serikali ya Kijerumani ikaogopa kwamba huu ni mwito wa vita vingine. Maofisa wakaifuatilia njia ya barua hadi Unguja, wakafika kwa Muhammad bin Khalfan al-Barwani, maarufu kwa jina la Rumaliza. Mtaalamu wa Kijerumani C. H. Becker alikuja kuichapisha barua hiyo mwaka 1911 katika utafiti wake juu ya Uislamu wa koloni lile.

Ndugu zetu wa Tabora na Kigoma wanalijua jina la Rumaliza. Huyu alikuwa mmoja wa wakubwa wa njia ya misafara, mshirika wa Tippu Tip, na kwa miaka mingi kituo chake kilikuwa Ujiji. Alipigana na Wabelgiji magharibi ya ziwa Tanganyika mpaka waliposhinda nguvu zake mwaka 1894, kisha akarudi pwani na mwisho akaishi Unguja. Ukoo wa Barwani ulikuwa na watu wake Lindi, na njia ya barua ikawa ile ile ya biashara: kutoka jamaa hadi jamaa, kutoka duka hadi msikiti.

Hatuingii katika nia ya marehemu. Huenda aliisambaza akiamini ni mawaidha, huenda alikuwa na mengine moyoni, na hesabu yake iko kwa Mola wake. Linalotushughulisha ni kwamba Rumaliza hakuibuni barua ile. Miaka 28 kabla ya Lindi, yaani 1880, wasia wa Sheikh Ahmad ulikuwa umekwisha kusambaa katika visiwa ambavyo leo ni Indonesia, na Mholanzi Snouck Hurgronje aliandika juu yake mwaka 1884. Huko Misri, Sheikh Muhammad Rashid Rida aliulizwa kuuhusu katika jarida lake la Al-Manar mwanzoni mwa karne ya 20. Akajibu kwamba ameuona mara nyingi tangu alipokuwa mtoto anayejifunza kuandika, na kila mara unanasibishwa na mtu yule yule, Sheikh Ahmad mtumishi wa kaburi.

Tuhesabu basi. Mtu aliyekuwa mtu mzima mwaka 1880, akiwa bado analala kando ya kaburi la Mtume (S.A.W.) na kuota ndoto ile ile usiku wa Ijumaa, leo angekuwa na miaka 170 au zaidi. Ndoto haizeeki, na Kiyama alichokitaja kuwa kiko mlangoni kimekaa mlangoni tangu zama za babu wa babu zetu. Hata malipo yaliyoahidiwa yanaonyesha umri wake: baadhi ya nakala bado zinamtaja mfanyabiashara aliyenakili akapata maelfu ya rupia. Rupia ilikuwa fedha ya babu zetu, na anayetumiwa ujumbe leo analipwa kwa simu.

Sheikh Abdul-Aziz bin Baz, aliyekuwa Mufti wa Saudi Arabia, aliandika risala maalumu kuupinga wasia huu, nayo huchapishwa pamoja na risala zake nyingine za kutahadharisha juu ya bidaa. Aliyasoma madai yake moja moja. Nakala aliyoijibu ilidai kwamba Mtume (S.A.W.) amemwambia Sheikh Ahmad kuwa kati ya Ijumaa moja na nyingine wamekufa watu 160,000 nje ya Uislamu. Bin Baz akasema hili ni dai la elimu ya ghaibu, nayo ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Wasia ulidai pia kwamba asiyeunakili atasawijika uso wake duniani na akhera. Akasema hata Qur'ani yenyewe, mtu asipoinakili kwa mkono wake hapati adhabu hiyo, seuze karatasi hii.

Lakini sehemu inayotupendeza zaidi katika risala ile ni fupi, na watu huipita haraka. Bin Baz alikwenda kuuliza. Aliwauliza jamaa wa Sheikh Ahmad anayesingiziwa, akaambiwa kwamba huo ni uongo aliobandikwa marehemu, hakuyasema hata siku moja, na amekwisha kufariki zamani. Bin Baz alikuwa na elimu ya kutosha kuubatilisha wasia kwa aya na hadithi peke yake, na bado akamtafuta mtu anayemjua msemaji. Watu kwa maelfu walikuwa wameinakili barua ile kwa kalamu za wino, mwezi baada ya mwezi, pasi na mmoja wao kuuliza: huyu Sheikh Ahmad ni mtoto wa nani, na nani amemsikia?

Hapo ndipo penye kiini cha swali la ndugu yetu wa Choma, na hapo wasia wa Sheikh Ahmad unakutana na maandiko mengine mengi yanayoingia kwenye simu zetu: mimi niliugua miaka saba nikapona kwa unga huu, mimi ni mjane na mwanangu anahitaji operesheni, tuma kwa namba hii, mimi nilikuwa mchawi nikatubu, sikilizeni siri zao. Yote yana nguvu moja, nayo ni neno "mimi". Mtu anayesema "nimeona", "nimelia", "nimepona" tunamuonea haya kumuuliza ushahidi. Tunahisi kumuuliza ni kumkejeli. Muongo anaijua haya hiyo, na ndani yake ndimo anamofanyia kazi.

Kwa Waislamu jambo hili lina dawa ya zamani. Imam Muslim katika utangulizi wa Sahihi yake amenukuu kutoka kwa Ibn Sirin kwamba mwanzo watu hawakuwa wakiuliza habari za isnadi, lakini fitna ilipotokea wakaanza kudai wasimulizi watajwe kwa majina. Kutoka kwa Abdullah bin al-Mubarak amenukuu kwamba isnadi ni sehemu ya dini, na bila hiyo kila mtu angesema alitakalo. Hadithi ya Mtume (S.A.W.) ikawa haipokewi kwa utamu wake. Iliulizwa: nani kakuhadithia, na yeye kasikia kwa nani, na alikuwa hai zama zake, na walikutana, na hifadhi yake ilikuwaje alipozeeka? Vitabu vizima viliandikwa kueleza hali za watu, huyu mkweli, huyu anasahau, huyu muongo. Hayo hayakuwa matusi wala kusengenya. Ilikuwa ni kuilinda dini.

Qur'ani nayo imetuonyesha adabu hii katika kisa cha barua. Hud-hud alipomletea Nabii Sulayman (A.S.) habari za malkia wa Sabaa, Nabii hakumkataa wala hakumuamini papo hapo. Alisema, kama ilivyo katika Surat An-Naml, aya ya 27, kwamba ataangalia kama amesema kweli au ni katika waongo. Na barua ilipomfikia malkia, jambo la kwanza alilowaeleza watu wake, katika aya ya 30, ni mwenye barua: imetoka kwa Sulayman. Barua ya haki hujulikana ilikotoka. Wasia wa Sheikh Ahmad una jina linalofanana na maelfu ya majina, hauna jina la baba, hauna tarehe, hauna shahidi, na hauna wa pili wake aliyemsikia.

Babu zetu wa misafara waliyajua haya kwa biashara yao. Barabara kutoka Bagamoyo hadi Tabora, na kutoka hapo hadi Ujiji, ilitembea juu ya karatasi. Mfanyabiashara wa Tabora alichukua mali kwa mkopo kutoka kwa matajiri wa Unguja, kama Taria Topan alivyomkopesha Tippu Tip, na mkopo ule uliandikwa. Barua ya deni iliaminiwa kwa sababu mwandiko ulijulikana, aliyeibeba alijulikana, na mashahidi walikuwa na majina, kama tulivyoamrishwa katika aya ya deni, ya 282 ya Surat Al-Baqara. Hakuna tajiri wa Forodhani aliyetoa nguo na shanga kwa karatasi iliyoandikwa tu kwamba mwenye kuipuuza atafiwa na mwanawe. Ajabu ya binadamu ni hii: pembe moja ya ndovu aliigonga, akaipima, akaichungulia ndani asije akatiliwa risasi, barua inayosema kwa niaba ya Mtume (S.A.W.) aliipokea kwa mikono miwili.

Tukiwa bado Tabora, kuna kisa kingine cha huko huko kinachofaa, ingawa wenyewe si Waislamu. Karibu na mji wa Tabora, mahali panapoitwa Kwihara, ipo nyumba ya tembe ambayo leo ni makumbusho ya Livingstone. Mwandishi wa gazeti Henry Stanley alimkuta Dkt. Livingstone Ujiji mwaka 1871, wakarudi pamoja Unyanyembe, wakaagana mwezi wa Machi 1872. Livingstone akampa barua na kitabu chake cha kumbukumbu kilichofungwa kwa lakiri avipeleke Uingereza. Stanley alipofika huko, wengi hawakumuamini. Walisema amezibuni barua. Walikuwa na sababu ya kumshuku, kwa maana mwaka ule ule magazeti yalifichua kwamba huyu aliyejitangaza Mmarekani kwa jina la Stanley alizaliwa Wales, na jina lake la kuzaliwa ni John Rowlands.

Jambo lilikatwa vipi? Kwa mwandiko. Mtoto wa Livingstone alikitazama kitabu akathibitisha kuwa ni cha baba yake, na Wizara ya Mambo ya Nje ikakiri kwamba karatasi ni za kweli. Kwa hiyo barua walizozishuku zilikuwa sahihi. Na neno ambalo dunia nzima ililiamini, ile salamu mashuhuri ambayo Stanley aliandika kwamba alimsalimu nayo Livingstone, ndilo lenye shaka: kurasa za kumbukumbu zake za siku ile zimechanwa, na Tim Jeal aliyeandika maisha yake mwaka 2007 ameona kwamba huenda salamu ile ilitungwa baadaye.

Tunakitaja kisa hiki kwa sababu kinafanana na hadithi ya Abu Hurayra (R.A.) katika Sahihi ya Bukhari. Alipokuwa akilinda zaka ya Ramadhani alimkamata mwizi usiku mara tatu, na mara ya tatu mwizi akamfundisha kusoma Ayatul-Kursiy kabla ya kulala. Mtume (S.A.W.) akamueleza kwamba katika hilo amemwambia kweli ingawa ni muongo mkubwa, na kwamba mgeni wake alikuwa ni shetani. Muongo anaweza kusema kweli, na mtu unayempenda anaweza kukuletea uongo bila kujua. Ndiyo maana hatupimi habari kwa mapenzi wala kwa chuki. Mama wa Choma aliuamini ujumbe kwa sababu aliuletewa na jirani mwema. Jirani ni mwema kweli, lakini wema wake haumfanyi shahidi wa jambo lililotokea Madina.

Tunaulizwa pia juu ya ndoto yenyewe, maana ujumbe hujificha nyuma ya hadithi sahihi kwamba anayemuona Mtume (S.A.W.) usingizini amemuona kweli, kwani shetani hawezi kujifananisha naye. Hadithi hii tunaiamini. Lakini Ibn Sirin, mjuzi mkubwa wa ndoto, alipoambiwa na mtu kwamba amemuona Mtume (S.A.W.) alimtaka amueleze sifa zake, na zikikosana na zile zinazojulikana humwambia kwamba hakumuona. Wanazuoni, miongoni mwao Imam An-Nawawi, wamebainisha kwamba ndoto haithibitishi hukumu ya sheria. Aliyelala si mwenye hifadhi timamu, na dini imekwisha kukamilika kabla ya Mtume (S.A.W.) kufariki. Ndoto njema ni bishara kwa aliyeiota. Haiwi waraka wa kuwalazimisha Waislamu wa Choma kuuza kuku.

Ama anayesema ameota na hakuota, Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba siku ya Kiyama atatakiwa afunge fundo kati ya punje mbili za shayiri, na hatoweza. Ikiwa uongo huo ameupachika kwa Mtume (S.A.W.), ameingia katika onyo lililopokewa na masahaba wengi la kujiandalia makazi yake Motoni.

Sasa swali la pili, nalo kwetu ndilo gumu. Mama anasali usiku. Je, tumwambie?

Fikra ya kwamba uongo mwema unaruhusiwa ukiwaleta watu kwenye ibada si ngeni. Nuh bin Abi Maryam alitunga hadithi juu ya fadhila za sura za Qur'ani, moja moja, na alipoulizwa alisema amewaona watu wameshughulika na fiqhi ya Abu Hanifa na visa vya vita vya Ibn Ishaq wakaiacha Qur'ani, basi akafanya hivyo kutaka thawabu. Wanazuoni wa hadithi hawakumsamehe kwa nia yake njema. Walimwandika katika waongo, na waliona madhara ya mtu mcha Mungu anayetunga ni makubwa kuliko ya mzandiki, kwa sababu watu humuamini.

Madhara yenyewe tunayaona Choma. Ibada iliyojengwa juu ya nakala 30 imemfanya mama aogope karatasi kuliko anavyomwogopa Mola wake, na imemfanya ajihukumu kuwa ndiye aliyemuua mtoto kabla mtoto hajafa. Akipona mtoto, ataamini karatasi imeridhika. Akizidiwa, atakata tamaa na rehema. Na siku jirani mwingine atakapomwambia kwamba ujumbe ulikuwa uongo, tunachelea aone kuwa na sala ilikuwa uongo.

Kwa hiyo amwambie. Lakini amwambie kama mtoto anavyomwambia mama yake: akae chini, wawe wawili, asimcheke, asilete simu kumuonyesha ukurasa. Aanze na lile lililo la kweli, kwamba sala zake za usiku ni sahihi, kwa kuwa alimsalia Mwenyezi Mungu na hakumsalia Sheikh Ahmad, na kwamba toba anayoitafuta mlango wake uko wazi na haukuwahi kungoja barua. Kisha amueleze kwamba sheikh huyu ameandikiwa watu tangu enzi za Mjerumani. Wazee wa Unyamwezi na Usukuma wanayo kumbukumbu ya Mjerumani, na tunadhani hili litamtuliza mama kuliko dalili nyingi za vitabuni.

Nakala 11 zilizobaki zina jina la Mwenyezi Mungu na la Mtume wake (S.A.W.), kwa hiyo zisifungiwe karanga wala zisitupwe jaani. Zichomwe au zifukiwe mahali safi, na afanye hivyo mama mwenyewe kwa mkono wake, mwanawe akiwa pembeni. Hazina uwezo wa kumdhuru, na ni vizuri alione hilo kwa macho yake.

Baadhi ya ndugu wametuambia kuwa tunakuza jambo dogo. Ujumbe ukiwa wa uongo, haumuumizi mtu. Tuwakumbushe mwaka 2011. Mchungaji mstaafu wa Samunge, Loliondo, Ambilikile Mwasapile, alisema ameoteshwa dawa ya mti, akaitoa kwa kikombe kimoja, shilingi 500. Hatumzungumzii nia yake, na amekwisha kufariki. Tunazungumzia shuhuda. "Mimi nimepona" ilipita nchi nzima kwa simu na magazeti, magari yakapanga foleni ya kilomita nyingi, wagonjwa wakatolewa vitandani hospitalini na wengine wakafia njiani. Wapo walioacha dawa zao za virusi vya ukimwi na za kisukari. Vikombe vikazuka na sehemu nyingine, Tabora mjini ikiwemo. Aliyepona, au aliyedhani amepona, aliandika. Aliyekufa hakuandika kitu, na familia yake iliona haya. Hivyo ndivyo shuhuda zinavyotudanganya hata pale ambapo kila mmoja wa waandishi wake anasema kweli yake: tunawasikia waliobaki tu.

Je, basi tusimwamini mtu anayeeleza shida yake? Hapana, hatusemi hivyo. Muislamu anayeomba msaada ana haki, na kumnyima mkweli kwa kuwaogopa waongo ni dhulma pia. Mjane aliye Nzega ana imamu wa mtaa wake, ana balozi, ana daktari aliyeandika karatasi ya operesheni, ana majirani. Apigiwe simu imamu. Fedha ipelekwe hospitali, isitumwe kwa namba ya mtu asiyejulikana. Mkweli hachukii kuulizwa kwa adabu. Mara nyingi hushukuru, kwa kuwa aliyeuliza ndiye anayeleta msaada hadi mwisho. Anayekasirika, anayeharakisha, anayesema ukichelewa saa moja mtoto atakufa na usimwambie mtu, huyo ameonyesha kazi yake.

Limebaki la wale walioutuma wasia huu kwa wengine, nao ni wengi, na wengi wao hawakukusudia ubaya. Mtume (S.A.W.), katika hadithi aliyoipokea Muslim, amefundisha kwamba inamtosha mtu kuwa muongo kwa kusimulia kila analolisikia. Na katika ndoto yake ndefu aliyoipokea Bukhari kutoka kwa Samura bin Jundub (R.A.), na ndoto za Manabii ni wahyi, alionyeshwa mtu anayepasuliwa shavu kwa ndoano ya chuma, akaambiwa huyu ni yule anayetoka nyumbani kwake akasema uongo ukafika pande zote za dunia. Kidole kinachobonyeza kitufe cha kutuma kinaufikisha uongo mbali kuliko msafara wowote uliotoka Tabora.

Toba ya jambo hili haitimii kwa kufuta ujumbe kwenye simu yako peke yake. Surat Al-Baqara, aya ya 160, imeweka masharti kwa wale wanaotubu katika mambo ya kuficha haki: watengeneze na wabainishe. Kwa hiyo aliyeutuma kwenye kundi la WhatsApp lenye watu 200 aandike kwenye kundi lile lile, kwa jina lake, kwamba wasia wa Sheikh Ahmad aliouleta ni uongo na asiusambaze mtu. Aliyempa mtu nakala mkononi amfuate. Aliyeusoma msikitini, na imetufikia kwamba umesomwa misikitini, asimame baada ya sala ya Ijumaa mahali pale pale aliposimama kwanza aseme hivyo hivyo, na imamu wa msikiti ampe nafasi bila kumfedhehesha. Kama hawezi kusimama, imamu aseme kwa niaba yake.

Wallahu aalam.